Mwongozo kamili wa kuandaa sampuli za mimea kwa hebaria na maabara mshirika

Kila msimu wa utafiti mambo hujirudia. Mwanafunzi anarudi kutoka uwandani na mzigo wa mimea, anaupeleka kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya taasisi inayoshirikiana na idara yake, na mzigo unarudishwa. Au unapokelewa vizuri, lakini majani aliyopeleka maabara ya vinasaba hayatoi chochote. Nimekaa upande wa kupokea na upande wa kupeleka, na maswali ninayoulizwa yanafanana mno hata nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekusanya mimea inayotoa maua, huku idara yake ya biolojia haina kila kitu. Idara nyingi ziko hivyo: zina friza na chumba cha kukaushia, hebaria kubwa iko taasisi nyingine, na mashine ya kusoma mpangilio wa DNA iko mbali zaidi. Wenzetu wa wanyama nitawagusa pale tu panapowahusu.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Mmea uliopoteza habari zake ni majani makavu, na hakuna taasisi itakayoyatengea rafu. Kinachofunga mmea na habari zake ni namba yako ya mkusanyaji, ile unayoupa kila mmea unaokusanya. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari, kwenye gazeti la presi (kibanio cha kukaushia mimea), kwenye mfuko wa silika (punje za kunyonya unyevu), kwenye mrija wa DNA, na mwisho kwenye faili la kompyuta. Ikikatika popote njiani, kazi ya hapo kwenda mbele haina mwenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo

- Presi ya mimea: fremu mbili za mbao za takriban sentimita 30 kwa 45, mikanda miwili imara, magazeti, karatasi za kufyonza unyevu, na vipande vya katoni ya mawimbi.
- Silika jeli ya punje, ya kubadilika rangi. Chukua ya rangi ya machungwa. Ya bluu ina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu, na huna sababu ya kuishika kila siku.
- Mifuko ya plastiki ya kufunga kwa zipu, na bahasha ndogo za karatasi nyepesi zisizo na gundi nyingi.
- Daftari lenye jalada gumu na penseli kadhaa.
- Kifaa cha GPS au simu, kikiwa kimewekwa kwenye WGS84, mfumo wa kawaida wa GPS wa kutaja mahali, na digrii za desimali.
- Mkasi wa kupogolea, kijembe cha kuchimbia mizizi, glovu, ethanoli na kitambaa.
- Nakala za vibali vyote, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kalamu ya wino isiingie mkobani. Ethanoli huifuta, mvua huitawanya, na jua huififisha. Penseli haifutwi na hata kimoja kati ya hivyo.

## Hatua ya 1: Kubaliana na taasisi kabla ya safari

Wengi hufanya hatua hii mwisho, na ndiyo inayowaangusha.

Mwandikie mtunzaji wa hebaria umwulize mambo manne: anapokea nakala ngapi za kila mmea, lebo anazitaka kwa muundo gani, mimea iletwe ikiwa imebandikwa au ikiwa bado kwenye magazeti, na nani atakayeipokea. Maabara nayo iulize kama inataka majani makavu au DNA iliyokwisha kutolewa, kiasi gani, na kwenye mirija au kwenye sahani ya visima 96 (kibao chenye vishimo vidogo, kila kimoja kwa sampuli moja). Hifadhi majibu hayo, kwa sababu mtu uliyekubaliana naye anaweza kuhama kabla hujarudi.

Kisha karatasi. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu rasilimali za vinasaba, ilipitishwa Oktoba 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Inataka anayechukua rasilimali za vinasaba awe na ridhaa ya awali ya nchi husika na masharti yaliyokubaliwa na pande zote mbili. Nchi hutofautiana katika namna zinavyoitekeleza, kwa hiyo kibali cha kukusanya usikichukulie kuwa kibali cha kusafirisha, wala cha kuchambua DNA. Soma maneno yake. Kikisema "utambuzi na uhifadhi", DNA haimo.

Sampuli ikienda taasisi nyingine, unahitaji mkataba wa kuhamisha nyenzo. Huo ndio unaosema sampuli ni ya nani, inaruhusiwa kufanyiwa nini, mabaki yatarudishwa au yatateketezwa, na nani atatajwa kwenye chapisho. Mara nyingi huwekwa saini na ofisi ya chuo. Saini ya mwanafunzi haitoshi, na hata ya msimamizi wake huenda isitoshe. Anza mapema, maana saini za vyuo viwili haziji kwa wiki moja.

Tahadhari. Okidi zote na karibu aina zote za shubiri ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, hata zikiwa zimekauka. Mkataba huo una nafuu kwa vielelezo vya hebaria vinavyoazimwa au kubadilishwa kati ya taasisi za kisayansi zilizosajiliwa, lakini pande zote mbili lazima ziwe zimesajiliwa na lebo iwe imeidhinishwa na mamlaka husika. Ulizia namba ya usajili ya idara yako. Kama haipo, mimea hiyo utaiombea kibali kwa njia ya kawaida.

Utajua umefaulu ukiwa na vibali, mkataba uliotiwa saini, na jina la mtu anayeusubiri mzigo wako.

## Hatua ya 2: Chukua mmea unaoweza kutambulika

Kielelezo cha majani matupu huwa kazi ya kubahatisha, kwa kuwa utambuzi wa mimea umejengwa juu ya maua na matunda. Tafuta tawi lenye maua, au matunda, au vyote viwili. Mmea mdogo ung'oe na mizizi yake. Kwa mti, kata tawi linaloonyesha ncha, namna majani yanavyopangana, na kipande cha gome.

Kata nakala kadhaa kutoka mmea huo huo: moja ya idara, moja ya taasisi mshirika, moja ya hebaria ya taifa, na ikiwezekana moja ya mtaalamu wa familia hiyo ya mimea. Nakala zote hubeba namba moja. Ukihamia mmea wa pili, hata kama uko hatua mbili tu kutoka wa kwanza, hiyo ni namba nyingine.

Kwa mimea midogo inayong'olewa, wakusanyaji wengi hufuata kanuni ya moja kwa ishirini: usichukue mmea mmoja kabla hujaona ishirini. Ukikuta mitatu pekee, piga picha, chukua jani moja dogo la kutia kwenye silika, uiache. Hapa sina mzaha hata kidogo. Hakuna tasnifu yenye thamani ya kumaliza spishi mahali ilipo.

Namba zianze 1 na ziendelee maisha yako yote. Usianze upya kila safari. Mkusanyaji mwenye "namba 12" nne kutoka safari nne atawachanganya watu miaka hamsini ijayo, na yeye hatakuwepo kuulizwa.

Andika papo hapo yale yatakayopotea mmea ukikauka: rangi ya maua, harufu, rangi ya utomvu, urefu wa mmea, gome likoje, udongo gani, mimea gani iko jirani. Ua la zambarau likikauka huweza kuwa kahawia sawa na la njano.

## Hatua ya 3: Silika kwanza, presi baadaye

Hapa ndipo DNA nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jani likikatwa huanza kujimeng'enya. Vimeng'enya vyake hukatakata DNA, na vinafanya kazi maadamu kuna maji ndani ya seli. Silika huyanyonya maji hayo kabla uharibifu haujafika mbali. Kwa hiyo unachoshindana nacho ni muda. Jani lililokaa saa sita kwenye mfuko wa joto limekwisha kuharibika, hata ukilizika kwenye silika usiku.

1. Futa mkasi na vidole kwa ethanoli, kisha chagua jani changa lenye afya. Majani makuukuu yana sukari ngumu na tanini nyingi, na vitu hivyo ndivyo vitakavyokusumbua maabara. Jani lenye ukungu au mayai ya wadudu litakupa DNA ya ukungu na wadudu.
2. Lirarue vipande vya sentimita moja au mbili ili maji yatoke upesi, uvitie kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa namba kwa penseli.
3. Bahasha iingie kwenye mfuko wa zipu wenye silika. Uzito wa silika uwe angalau mara kumi ya uzito wa jani. Gramu mbili za jani, gramu ishirini za silika.
4. Tikisa mfuko ili punje ziguse pande zote, toa hewa, ufunge.
5. Baada ya saa 12, fungua utazame. Punje zikiwa zimegeuka kijani, badilisha zote.

Jani la mmea wenye maji mengi halitakauka hivyo. Lipasue, kwangua nyama ya ndani, ukaushe ganda lake jembamba, na silika uibadilishe mara mbili au tatu siku ya kwanza.

Silika iliyokwisha kunyonya maji hurudishwa kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa kadhaa, hadi rangi yake irejee. Lakini vumbi la majani ya zamani hubaki katikati ya punje. Silika iliyotumika ibaki ya kulinda vifaa na unyevu. Ya sampuli za DNA iwe mpya.

Utajua umefaulu jani likivunjika kwa mlio ukilikunja, na likiwa bado kijani. Likipinda tu, bado lina maji. Likiwa jeusi au kahawia, limechelewa: chukua jingine ukiwa ungali uwandani.

Wenzetu wa wanyama, tishu yenu iende kwenye ethanoli ya asilimia 95 au 96, siyo 70, kwa sababu maji yanayobaki kwenye ile nyepesi huacha DNA ikiharibika. Fomalini msiikaribie kama mnataka DNA. Na mzigo ukisafiri kwa ndege, masharti ya usafirishaji yanaruhusu sampuli zisizoambukiza kwenye kiasi kidogo tu cha ethanoli: kisichozidi mililita 30 kwa kila chombo cha ndani na lita moja kwa kifurushi kizima.

## Hatua ya 4: Presi

Tandaza mmea kwenye gazeti siku hiyo hiyo, kabla haujanyauka. Geuza angalau jani moja lionyeshe upande wa chini, kwa kuwa vinyweleo na mishipa ya huko hutumika kutambulisha. Fungua ua moja. Tawi refu likunje kwa umbo la V au N badala ya kulikata. Namba iandikwe pembeni mwa gazeti.

Panga hivi: katoni, karatasi ya kufyonza, gazeti lenye mmea, karatasi ya kufyonza, katoni. Mawimbi ya katoni zote yaelekee upande mmoja ili hewa ipite. Kaza mikanda kwa nguvu, ukaze tena kesho yake, maana mimea hunywea.

Badilisha karatasi za kufyonza kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Ukitumia joto, liwe la upole lenye hewa inayopita, na usivuke nyuzi 60. Likizidi hapo, mimea hugeuka kahawia na kuwa miepesi kuvunjika.

Kwenye msitu wenye unyevu, wengine hulowesha furushi la magazeti kwa alkoholi ndani ya mfuko wa plastiki ili likaushwe wakirudi. Njia hiyo huzuia ukungu, lakini huharibu rangi na DNA. Ndiyo maana nimesema silika kwanza.

Utajua umefaulu mmea ukisimama wima bila kulegea unapouinua kwa shina, na usipohisi ubaridi ukiugusa kwa mdomo au shavu. Ubaridi ni unyevu.

## Hatua ya 5: Lebo

Lebo iwe kwenye karatasi isiyo na asidi, na ibebe: nchi na eneo, maelezo ya mahali kwa maneno, digrii za kijiografia, mwinuko, mazingira, maelezo ya mmea, jina la kienyeji na lugha yake kama ulilipata kwa ridhaa, jina la mkusanyaji na namba, na tarehe.

Tarehe ndiyo kosa ninaloliona zaidi. "04/05/2023" ni Mei kwa mmoja na Aprili kwa mwingine. Andika mwezi kwa jina.

Digrii za kijiografia tarakimu tano baada ya nukta zinatosha kabisa; ya tano ni kama mita moja. Ukiandika tisa, unadai usahihi ambao simu yako haina. Na hata ukiwa na GPS usiache maneno. Alama ya kutoa ikidondoka, mmea wa kusini mwa ikweta unahamia kaskazini, na maneno peke yake ndiyo yatakayomfichulia msomaji kosa.

## Hatua ya 6: Friza

Kila mzigo unaoingia hebaria lazima upite kwenye friza. Adui ni mbawakawa wadogo wanaokula mimea mikavu, kama mbawakawa wa tumbaku, *Lasioderma serricorne*. Furushi moja lenye mayai linaweza kuambukiza makabati ya miaka mia.

Funga mimea mikavu kwenye mfuko wa plastiki, iwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Friza ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, siku tatu zinatosha. Ukiitoa, iache mfuko ukiwa umefungwa kwa saa 24. Ukifungua mapema, unyevu wa hewani utaganda juu ya mimea baridi na kuilowesha yote uliyoihangaikia.

Hebaria nyingi zitairudia hatua hii wenyewe. Usiudhike, wala usiwaombe wairuke.

Utakapokwenda kwenye taasisi hiyo kulinganisha mimea yako na ya zamani, vaa glovu na nawa mikono. Vielelezo vingi vya kale vilipakwa kloridi ya zebaki kuzuia wadudu, na sumu hiyo bado ipo kwenye karatasi. Karatasi ya kielelezo pia haifunuliwi kama ukurasa wa kitabu. Huinuliwa kwa mikono miwili, uso juu.

## Hatua ya 7: Kutoka jani hadi maabara mshirika

Miligramu 20 za jani kavu zinatosha kutolea DNA. Usitumie jani lote. Kazi ikishindikana utalihitaji tena.

Kabla ya kutuma, pima kwa njia zaidi ya moja. Kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na sampuli, uwiano wa urefu wa mawimbi ya nanomita 260 kwa 280 uwe karibu 1.8, na wa 260 kwa 230 uwe kati ya 2.0 na 2.2. Huo wa pili ukishuka sana, kuna sukari, tanini au chumvi. Kiasi chenyewe usikiamini moja kwa moja, kwa sababu mashine hiyo huhesabu na RNA, molekuli inayofanana na DNA. Kipimo cha rangi ya mng'ao, inayong'aa ikishika DNA, ni cha kweli zaidi. Kisha iendeshe DNA kwa umeme kwenye jeli ya agarosi ya asilimia moja, inayotenganisha vipande kwa urefu. Mstari mmoja mkali karibu na juu ni DNA nzima. Ukungu ulioteremka hadi chini ni DNA iliyokatikakatika.

Jaribu mwenyewe PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kabla ya kutuma. Kwa mimea, sehemu mbili za DNA ziitwazo rbcL na matK ndizo zilizopendekezwa mwaka 2009 kuwa msimbo wa pamoja wa kutambulishia spishi, na rbcL ndiyo nyepesi kukubali. Weka kila mara mrija mmoja wenye maji badala ya DNA. Huo ukitoa mstari, kemikali zako zimechafuka na matokeo yote ya siku hiyo hayafai.

PCR ikikataa, usitupe sampuli. Ichanganye na maji mara kumi ujaribu tena. Mara nyingi tatizo ni uchafu unaozuia kimeng'enya, na kuupunguza kunatosha. Angalia pia DNA iko kwenye kimiminika gani: EDTA, kemikali ya kuhifadhia DNA, ikiwa nyingi hunyakua magnesiamu ambayo kimeng'enya hakifanyi kazi bila yake.

Tahadhari ya sahani ya visima 96. Niliwahi kusaidia kufuatilia matokeo ya sahani nzima ambamo nyasi zilionekana mikunde na mikunde ikaonekana nyasi. Mwanafunzi alikuwa amejaza kwa safu za ulalo, A1, A2, A3. Jedwali lake lilifuata utaratibu wa maabara, wa kushuka: A1, B1, C1. Kwa mpangilio huo, visima viwili tu vya sahani iliyojaa hubaki sahihi, cha kwanza na cha mwisho. Chapisha ramani ya sahani, iweke mezani, na utie alama kila kisima unapokijaza. Acha pia kisima kimoja kitupu mahali unapopajua. Kisipokuwa kitupu kwenye matokeo, sahani imegeuzwa.

Ndani ya kifurushi weka orodha ya namba, nakala ya mkataba na nakala ya vibali. Juu yake andika jina la mtu uliyekubaliana naye. Tuma mwanzoni mwa juma, ili mzigo usikae bohari siku za mapumziko.

## Hatua ya 8: Majibu yakirudi

Kila mfuatano wa DNA ulinganishe na benki ya data kabla ya kushangilia. Ukitarajia mmea wa familia ya mikunde na jibu likawa kuvu, rudi kwenye mfuko wa silika utazame jani. Ukikuta familia nyingine ya mimea, rudi kwenye ramani ya sahani.

Unapoweka mfuatano GenBank, benki ya data ya umma ya DNA, jaza sehemu ya kielelezo: kifupisho cha hebaria, jina lako na namba yako. Vifupisho hivyo vimesajiliwa katika Index Herbariorum, orodha ya hebaria za dunia; K ni Kew, P ni Paris, EA ni hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Kwenye tasnifu andika vivyo hivyo, na utaje nakala zote zilipo.

Mtaalamu wa taasisi mshirika anaweza baadaye kubandika kikaratasi kinachobadilisha jina ulilotoa. Mwombe mtunzaji akuarifu. Likibadilika, nenda kwenye benki ya data ubadilishe na huko, siku hiyo hiyo, kwa namba ile ile uliyoiandika kwa penseli pembeni mwa gazeti.